Cherehani Chini ya Kitanda cha Babu



Novemba imefika. Tarehe 2 tumewaombea Marehemu Wote. Wengi wetu tumekwenda makaburini, tumepalilia, tumewasha mishumaa, na katika zile siku nane za mwanzo wa mwezi tumejitahidi kupata rehema kamili kwa ajili yao. Mwaka huu, nikiwa nimesimama kwenye kaburi la Babu yangu, nilijishtukia. Mdomo ulikuwa unamwombea, lakini moyo ulikuwa unamshangilia. Nilikuwa nimeshamweka mbinguni mimi mwenyewe, bila hata kumwachia Mungu nafasi. Hilo limenisumbua wiki nzima, na ndiyo sababu ya somo hili.

Ngoja nianze na msiba wenyewe.

Babu alifariki Juni 2024 kule kwetu Mbinga, baridi ikiwa imekaza kweli kweli. Wasifu wa marehemu aliusoma baba mdogo. Alizaliwa 1938. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Alifunga ndoa takatifu 1960. Mkulima wa kahawa, mwanamgambo, mpiganaji wa Vita vya Kagera. Mweka hazina wa kigango kwa miaka mingi, mwanachama wa UWAKA. Ameacha mjane, watoto saba, wajukuu na vitukuu. Hakuna hata neno moja la uongo mle. Watu walilia, nami nililia hadi nikashikiliwa.

Ila cherehani haikutajwa. Na mimi nilikuwa naijua habari ya cherehani.

Kabla sijaieleza, mnijalie nimsifu kidogo, maana anastahili, na Yoshua bin Sira katika sura ya 44 anatufundisha kwamba kuwasifu wazee wetu ni jambo la ibada. Babu alikuwa mtu wa nyumbani. Kwa mwanaume wa kizazi chake hilo si dogo. Bibi alipokuwa mjamzito, Babu alikuwa anateka maji mtoni na kupanda nayo kilima, ndoo kichwani, wanaume wenzake wakimcheka kwamba amelishwa kitu. Yeye anajibu, "Mimba ni yangu na maji ni yangu." Shangazi yetu mkubwa aliugua degedege usiku akiwa mdogo, Babu akambeba mgongoni mpaka zahanati, akafika asubuhi umande umemlowesha kiunoni. Rozari ya jioni haikukosekana, hata siku ambayo wote mnasinzia na kumi la nne linageuka kukoroma. Mimi alikuwa ananiita "bibi mdogo", na Bibi akijifanya kuona wivu, basi hapo ndipo utani unaponoga.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeondoka nyumbani mwishoni mwa 1978, akiwa na miaka 40, akiacha mke na watoto watano, wa mwisho bado ananyonya.

Vijana wengi wa umri wangu vita hivi tunavijua kwa juu juu, tunasubiri Siku ya Mashujaa Julai 25 ndipo tuvikumbuke. Kwa kifupi: tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia sehemu yote ya kaskazini ya Mto Kagera na kuitangaza kuwa ya Uganda. Raia waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Daraja la Kyaka likabomolewa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na Babu alisikiliza kwenye redio ya jirani. Jeshi halikutosha, likaongezewa mgambo kutoka mikoani. Ndivyo mkulima wa kahawa wa Mbinga alivyojikuta upande wa pili wa nchi.

Mapigano hakunisimulia. Alisimulia kutembea. Alisema vita ile aliijua kwa miguu zaidi ya macho: mvua, matope, mabuti yanayobana, na mzigo. Januari 1979 walivuka Mutukula. Masaka ilichukuliwa tarehe 24 Februari. Wenzake wakaendelea mbele, Lukaya, kisha Kampala tarehe 11 Aprili, na hatimaye mpaka wa Sudani mwanzoni mwa Juni. Yeye na kundi lake waliachwa Masaka kulinda njia ya vifaa.

Masaka ilikuwa imepigwa vibaya. Hili tuliseme wazi kwa sababu ni historia: askari wetu walikuwa wamepita Kagera, wameona kilichofanyika pale, na mji ule ulilipa kwa hasira ile. Nyumba nyingi zilibomolewa na watu walikuwa wamekimbia. Babu na wenzake watatu walilala kwa wiki nyingi kwenye nyumba isiyo na mlango. Kwenye kona ya chumba, juu ya kiti, kulikuwa na cherehani ya mkono, Singer, ile ndogo ya kuzungusha mpini, yenye kifuniko cha mbao kama sanduku.

"Bibi mdogo," aliniambia, "nilikuwa naiona kila asubuhi nikiamka. Wiki ya kwanza niliona cherehani. Wiki ya pili nikamwona Bibi yako anaitumia."

Hapo ndipo pa kujifunzia. Shetani hakumjaribu Babu kwa pombe wala kwa mwanamke. Alimjaribu kwa mke wake mwenyewe. Bibi alikuwa anashonea watoto kwa mkono, sindano na uzi, kwa mwanga wa koroboi. Babu alimpenda. Na sababu nyingine zikajipanga zenyewe: wao walichukua ng'ombe wetu, mwenye nyumba huenda amekufa, nisipochukua mimi atachukua mwingine. Jamani, ni mara ngapi mimi na wewe tumezisikia sauti hizo hizo?

Aliporuhusiwa kurudi, katikati ya 1979, aliifunga kwenye gunia la viazi, akaileta mpaka Mbinga.

Bibi alifurahi sana. Siku hiyo, anasema, alicheza. Kesho yake akafungua kile kijisanduku kidogo kilichomo kwenye kitako cha mbao, mahali fundi anapoweka bobini na sindano. Akakuta bobini tatu, chaki, futi ya kupimia, na kipande cha karatasi ya daftari kimekunjwa. Kwenye karatasi kulikuwa na majina matatu ya Kiganda, na mbele ya kila jina vipimo: kifua, bega, urefu. Bibi kusoma alikuwa anajua kidogo tu, lakini vipimo alivielewa mara moja. Vilikuwa vya watoto. Vipimo vya katikati vililingana kabisa na vya mtoto wake wa pili.

Aliifunika mashine. Babu aliporudi shambani alimwambia maneno machache tu: "Mashine hii ina mwenyewe. Mimi sitashona nguo za wanangu kwa machozi ya mama mwenzangu." Hakuigusa tena. Ikaingia chini ya kitanda na kukaa huko miaka 45.

Sasa tuingie kwenye Maandiko, maana habari hii inafanana mno na moja ya zamani. Fungua Yoshua sura ya 7. Baada ya Yeriko kuanguka, askari mmoja aitwaye Akani aliona katika nyara vazi zuri la kigeni, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu. Akatamani, akachukua, akafukia chini ndani ya hema lake. Hebu ona vitenzi vyake mwenyewe anapokiri: kuona, kutamani, kuchukua, kuficha. Babu alipita njia hiyo hiyo, kituo baada ya kituo, tofauti ni kwamba badala ya hema kulikuwa na kitanda. Na ndani ya Injili ya Luka, sura ya 3 aya ya 14, askari wanamfuata Yohane Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini. Huwa tunaipita haraka aya hii. Yohane hawaambii waache uaskari. Anawaambia wasimnyang'anye mtu wala wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao. Yaani anagusa pale pale penye kishawishi cha mtu mwenye silaha.

Baada ya vita Babu alikuwa haendi Komunyo. Alihudhuria Misa kila Dominika, lakini alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wakati wa Komunyo alibaki amepiga magoti. Watu walidhani ni damu. Bibi naye alidhani hivyo. Ilichukua karibu miaka miwili mpaka Kwaresima moja alipokwenda kuungama. Padre yeye haruhusiwi kusema, lakini mwenye kuungama akitaka kusimulia ni hiari yake, na Babu alinisimulia.

Juu ya mapigano, padre alimtuliza. Leo tunalo jambo hilo limeandikwa katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2309 na 2310: taifa lililoshambuliwa linayo haki ya kujilinda kwa masharti mazito, na askari anayetimiza wajibu wake kwa uadilifu anachangia mema ya wote na amani. Lakini soma na namba 2312 na 2313, usiishie pale panapotupendeza. Zinasema kwamba vita ikishaanza, si kila kitu kinakuwa halali kati ya pande mbili. Raia, majeruhi na mateka wanabaki na haki zao. Nchi yetu ilikuwa na sababu ya haki ya kupigana, naamini hivyo kwa moyo wote. Cherehani haikuwa sehemu ya sababu hiyo.

Basi padre akamwuliza, "Na mwenye nayo?"

Hapa naomba tutulie, kwa sababu sehemu hii vijana wengi hatukufundishwa vizuri, au tulifundishwa tukasahau baada ya Kipaimara. Tunajua kwamba tukitubu na kuungama tunasamehewa. Kweli kabisa. Lakini namba 1459 ya Katekisimu inaeleza kwamba ondoleo linafuta dhambi, wala halirekebishi madhara yote ambayo dhambi imeleta. Anayemkosea jirani anapaswa kufanya kila awezalo kutengeneza alichoharibu, na mfano wa kwanza unaotolewa pale ni kurudisha kilichoibwa. Namba 2412 inarudia jambo hilo: kurudisha ni deni la haki. Tazama Zakayo, Luka 19. Yesu hakumtajia kiasi. Zakayo mwenyewe alisimama na kuahidi kulipa mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na Bwana ndipo akatangaza kwamba wokovu umeifikia nyumba ile. Nyumba, siyo yeye peke yake. Nitalirudia hili neno "nyumba" baadaye.

Je, kama mwenye mali hajulikani? Mtakatifu Thoma wa Akwino alilijibu hilo zamani katika Summa yake: umtafute kwa bidii, na akishindikana kabisa kupatikana, utoe sadaka kwa maskini kwa ajili ya wokovu wake. Padre alimwelekeza Babu hivyo hivyo. Uganda ilikuwa bado inachemka miaka ile, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea hadi 1986, mkulima wa Mbinga angeanzia wapi? Kwa hiyo aliambiwa asifaidike na mashine, atoe sadaka ya thamani yake, na njia ikifunguka, aitafute familia ile.

Babu alirudi Komunyo Pasaka ya mwaka huo.

Na kuanzia msimu wa kahawa uliofuata alianza jambo ambalo sisi wote tuliliona bila kulielewa. Kila Januari shule zikifunguliwa alinunua sare tatu. Siyo mbili wala nne. Alikwenda shuleni, akamwuliza mwalimu ni watoto gani watatu hawana sare, akawapeleka kwa fundi sokoni kupimwa. Bei ya kahawa ikiwa nzuri, tatu. Bei ikianguka mpaka watu wakafikiria kung'oa mibuni, tatu. Mwaka mmoja baba yangu alikosa ada ya sekondari kwa muhula mzima, na sare tatu zilinunuliwa. Baba alikuwa na kinyongo juu ya hilo mpaka amekuwa mtu mzima. Sisi wajukuu tulidhani Babu anamheshimu Utatu Mtakatifu. Kumbe alikuwa anawavisha watoto watatu wa kwenye karatasi, mwaka baada ya mwaka, kwa miili ya watoto wengine.

Niseme na langu, nisije nikajificha nyuma ya Babu. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kutoa pesa kwa wakala. Msichana aliyekuwa kibandani alikuwa anaongea na simu huku anahesabu, akanizidishia shilingi 50,000. Niliona. Nikatia kwenye pochi nikaondoka, nikijiambia kwamba kampuni zile zina hela nyingi. Nikaungama baadaye, tena kwa lugha ya kuzunguka: "nimekosa uaminifu katika mambo madogo". Niliposikia habari ya cherehani ndipo nilirudi pale kibandani. Yule msichana hakuwepo tena. Aliyekuwepo aliniambia kwamba mwenzake alikatwa pesa iliyopungua kwenye mshahara, ikatokea mara mbili, akaachishwa. Nilimtafuta kwa wiki mbili, mtu huyu akinielekeza kwa yule, nikampata anauza maandazi. Nilimpa 50,000 yake na nyongeza. Alizihesabu, akanitazama, akasema, "Dada, ulijua siku ile ile?" Nikasema ndiyo. Hakunitukana wala hakuniambia amenisamehe. Alinifungia maandazi manne, akachukua hela ya maandazi.

Turudi kwa Babu. Alianza kudhoofika mwishoni mwa 2023. Nilichukua likizo nikakaa naye. Jioni moja, baada ya Rozari, aliniomba nivute kilichopo chini ya kitanda. Nilivuta sanduku la mbao lenye vumbi la kipimo cha kidole. Ndipo akanisimulia yote niliyowaandikia. Nilitaka kumfariji, nikamwambia, "Lakini Babu, si umelipa? Sare tatu kila mwaka, zaidi ya miaka 40!"

Akatikisa kichwa. "Sare nilitoa kwa watoto wa Mbinga. Wa Masaka sijawapa kitu. Padre aliniambia njia ikifunguka niwatafute. Njia ilifunguka zamani, bibi mdogo. Mabasi yanakwenda mpaka Bukoba, na Bukoba na Masaka si mbali. Mimi niliogopa. Niliogopa wakinifungulia mlango."

Mzee wa miaka 85, mpiganaji, medali yake ya vita iko kwenye mkebe wa majani ya chai, ananiambia aliogopa mlango. Ile nyumba aliyolala haikuwa na mlango; hofu yake ilikuwa siku itakapokuwa nao, na mtu nyuma yake. Aliungama tena kwa ajili ya uoga huo, akapokea Mpako wa Wagonjwa, akalala vizuri. Naamini hivyo. Lakini sanduku lilibaki pale pale.

Baada ya Misa ya arobaini nililitoa shauri mbele ya ukoo: tuirudishe. Baba mdogo, yule aliyesoma wasifu, alikataa kabisa. Alisema namvua nguo marehemu. Alisema Babu alikwenda kulinda nchi, kijiji kizima kinamheshimu, na sasa mjukuu wake anataka kumtangaza mwizi. Halafu alileta Maandiko, maana naye ni katekista mstaafu: nabii Ezekieli, sura ya 18, kwamba mwana habebi uovu wa baba yake.

Kukawa kimya. Bibi, ambaye alikuwa anachambua maharage wala haonekani kama anasikiliza, akasema bila kuinua macho: "Uovu hatubebi. Cherehani tunayo."

Mimi nilikuwa na somo jingine, na ndilo ninalotaka mlibebe mwezi huu. Ni Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kuanzia aya ya 38. Tunalisoma kwenye Misa za marehemu, na Katekisimu inalitaja katika namba 1032 inapozungumzia toharani. Mara nyingi tunaruka sehemu yake ya katikati. Yuda Mmakabayo na watu wake wanakwenda kuchukua miili ya wenzao waliokufa vitani ili waizike. Wanapoiinua, wanakuta chini ya kanzu za wafu vitu vya miungu ya Yamnia, ambavyo Sheria iliwakataza. Hebu fikiria hali ile. Hawa ni mashujaa. Wamekufa kwa ajili ya taifa na Hekalu. Na chini ya nguo, kimefichwa kitu.

Yuda angeweza kufanya moja kati ya mambo mawili mepesi. Angeweza kuamuru miili ifunikwe haraka na wasifu usomwe. Au angeweza kusema hawa ni wachafu, waachieni ndege. Hakufanya lolote kati ya hayo. Waliisali dhambi ile ifutwe kabisa, kisha Yuda akapitisha mchango, mtu kwa mtu, zikapatikana drakma zipatazo 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu zitolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za wale waliokufa. Waliotoa mfukoni walikuwa wazima, na wala hawakuwa wao walioiba. Walitoa kwa sababu waliwapenda, na kwa sababu waliamini wafu watafufuka.

Nilipomsomea baba mdogo sehemu hiyo hakujibu kitu. Aliichukua Biblia, akasoma mwenyewe kimya kimya, akanirudishia.

Kwenye jumuiya zenu au kwenye vikundi vya VIWAWA na TYCS, mnaweza kujadili haya. Marehemu unayemwombea mwezi huu, unamwombea kama alivyokuwa, au kama wasifu wake ulivyosomwa? Ndani ya nyumba yenu kuna kitu, shamba, kiwanja, samani, ambacho kila mtu anajua ni cha mtu mwingine na hakuna anayekitaja? Na katika maungamo yako ya mwisho, kuna dhambi uliyosamehewa ambayo mwenye kuumizwa bado anailipia? Zakayo alilipa, na wokovu ukaifikia nyumba. Naomba lisomeni neno lile "nyumba" polepole.

Nimeandika haya kwa ruhusa ya Bibi. Alisema, "Andika. Jina lake usiliandike, wamwombee tu kwa Mungu, Mungu anamjua." Kwa hiyo mkimwombea, semeni babu wa Mbinga.

Safari ni baada ya Noeli. Tutakwenda watatu: mimi, baba yangu, na baba mdogo, ambaye wiki mbili zilizopita alinitumia nauli yake kwenye simu bila ujumbe wowote. Tutapita Kagera, tusimame Kaboya, pale Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, maana Babu alikuwa na wenzake pale. Kisha Mutukula, kisha Masaka, na kule tutaanzia Kitovu, kwenye kanisa kuu la jimbo, tuwaonyeshe ile karatasi yenye majina matatu. Jimbo lile ndilo lililompata askofu wa kwanza mwafrika wa nyakati zetu, Joseph Kiwanuka, mwaka 1939; nadhani watu wa pale wanajua kutunza kumbukumbu. Watoto wale kama wapo sasa wana miaka hamsini na kitu. Huenda tukarudi nayo. Tutaona.

Jana nilimpigia simu mama kijijini kuuliza kama wameshaifunga vizuri. Akaniambia bado, Bibi ameichukua. Amekaa nayo barazani tangu asubuhi na chupa ya mafuta, anasafisha vumbi kwa mswaki wa zamani, anatia tone moja moja kwenye kila tundu. Anasema cha mtu hakirudishwi kikiwa kibovu. Mama akasogeza simu karibu ili nisikie. Kulikuwa na jogoo, na mtoto analia kwa mbali, halafu nikausikia mpini unazungushwa, taratibu, na sindano inapanda na kushuka bila uzi.